Sauti ya Bi Ndovu Nyuma ya Pazia

Zamani za kale hizo, wanangu, wanyama walikuwa na nyumba zenye milango, bunge lenye kelele, na jeshi lenye gwaride.

Mkuu wa nchi yao alikuwa Bi Ndovu. Hakuwa askari. Hakuwahi kuvaa buti wala kupiga saluti. Wanyama walimchagua kwa kura, na siku hiyohiyo akaapishwa kuwa Amiri Jeshi Mkuu, maana yake jeshi lote lilikuwa chini ya neno lake. Chini yake alikuwepo Waziri wa Ulinzi, Mzee Korongo, naye raia vilevile, miguu myembamba kama fito, hajui kupiga hata kofi. Kazi yake ilikuwa kulilisha jeshi, kulivisha, na kulipelekea neno la Bi Ndovu. Halafu ndipo alipokuja Jenerali Nyati, Mkuu wa Majeshi, na chini yake mabrigedia, makanali, mpaka koplo wa mwisho kabisa.

Najua mtauliza, "Mbona mwenye pembe yuko chini ya mwenye miguu ya fito?"

Kwa sababu wazee wa nchi ile walikubaliana hivi: raia waamue kama vita vipigwe, askari waamue vipigwe vipi. Walisema, mwenye nyundo akiachwa peke yake, kila kitu atakiona msumari.

Sasa, katika nyumba ya Bi Ndovu alikuwemo mnyama mmoja mdogo, mdogo hata ukimkalia hujui. Huyo ni Pimbi, jina lake Sihaba. Hakuwa na cheo chochote. Yeye na Bi Ndovu walikua pamoja. Bi Ndovu akiwa bado ndama, Sihaba alikuwa akimpandia kichwani kumtoa kupe masikioni, na huku wanapiga soga. Hata alipokuwa mkuu wa nchi, kila asubuhi Sihaba aliteremka kutoka mwambani kwao, akaenda kumwamkia.

"Umeamkaje, shoga?"

"Nimeamka na nchi nzima mgongoni, Sihaba. We umeamkaje?"

"Mie nimeamka na viroboto tu."

Basi wote wawili hucheka, ha! ha! ha! Cheko la Sihaba lilikuwa kubwa kuliko la Ndovu. Pimbi wana sauti, wanangu, msiwaone wadogo.

Siku moja Jenerali Nyati aliingia barazani, buti zinalia kwa! kwa! kwa!

"Mheshimiwa, chemchemi ya Ngiri, ng'ambo ya bonde la mawe, ina maji mwaka mzima. Sisi kisima chetu kinakauka. Nipe neno tu. Kabla jua halijawa kali nitakuwa nimeichukua."

"Umewaomba Ngiri wakugawie?"

"Jeshi haliombi, Mheshimiwa!"

Bi Ndovu akatikisa kichwa. "Jenerali, mimi nilizaa wana wawili. Wote walikwenda vita vya ukame wa zamani, na jemadari wa wakati huo aliniahidi kama unavyoniahidi wewe, kabla jua halijawa kali. Mpaka leo sijui hata mifupa yao iko wapi. Sikupi neno hilo." Akamgeukia waziri wake. "Mzee Korongo, wewe nenda kwa Ngiri ukaseme nao."

"Nitaondoka leo hii, Mheshimiwa," akasema Korongo, akaruka zake.

Nyati akapiga saluti. Lakini macho yake, wanangu, hayakupiga saluti.

Korongo akiwa bado safarini, Bi Ndovu akashikwa na homa. Ilikuwa homa ya wazee, ile isiyosikia mizizi wala dua. Sihaba hakuondoka kitandani. Alimpepea, akamlowesha ulimi kwa maji. Asubuhi moja Bi Ndovu akafumbua macho.

"Sihaba, Korongo karudi?"

"Bado, shoga."

"Akirudi mwambie bunge likae upesi. Kiti kisikae kitupu. Na wewe... usinililie kwa sauti hiyo yako, utawatia hofu watoto."

Sihaba akacheka. Alipomaliza kucheka, mwenzake alikuwa ameshakwenda.

Alifungua kinywa apige ukelele. Kabla haujatoka, mlango ukafunguliwa, kwa! kwa! Jenerali Nyati. Akatazama kitandani, akatazama huku na huku, akafunga mlango nyuma yake.

"Nyamaza."

"Jenerali, amefariki."

"Hajafariki. Amelala."

"Jenerali! Mwili huu hapa, unapoa!"

"Nimesema amelala!" Nyati akainamisha pembe, zikamgusa Sihaba kifuani. "Sikiliza, we kijipande cha mnyama. Brigedia Nyumbu amegoma. Anasema hatoki kambini mpaka alisikie neno la Amiri kwa masikio yake mwenyewe. Basi kesho nitaleta jeshi lote hapa uani. Wewe utakaa nyuma ya pazia la dirisha, utasema kwa sauti ya Bi Ndovu: nendeni mkaichukue chemchemi. Basi. Nimewahi kukusikia ukimwigiza, mkicheka."

"Na nikikataa?"

"Askari wangu wako mwambani kwenu sasa hivi. Wajomba zako, shangazi zako, wadogo zako. Kwato ni kwato, Sihaba, hazina huruma."

Akatoka. Walinzi wakasimama mlangoni.

Wanangu, Ndovu wana desturi ya msiba isiyofanana na ya mnyama mwingine. Mwenzao akifa humzunguka, humgusa kwa mikonga, hukaa naye kimya muda mrefu, ndipo wamfunike kwa matawi. Bi Ndovu hakupata hayo. Alilala pale peke yake. Ndugu zake walipita nje wakiuliza, "Mama anaendeleaje?" na walinzi wakajibu, "Anapata nafuu."

Na Sihaba aliamriwa kupika uji, ili moshi uonekane, watu waseme mgonjwa anakula. Akakoroga uji wa maiti. Chozi likija analimeza. Kilio kikija anauma shuka. Hakulala, hakula, alikaa karibu na sikio lile kubwa akinong'ona, "Nifanyeje, shoga? Niambie. Nikisema vita, watoto wa wenzetu wanakwisha. Nisiposema, wa kwetu wanakwisha."

Sikio halikujibu. Ikabidi afikiri peke yake.

Kesho yake uwanja ukajaa. Nyumbu, swala, punda milia, mistari imenyooka, vumbi timtim! Wakati huohuo, puruuu! Mzee Korongo akatua katikati ya uwanja, amechoka, manyoya yamejaa tope.

"Jenerali, gwaride la nini? Sikupewa habari! Ngiri wamekubali kutugawia maji!"

"Umechelewa, Waziri. Amiri ameamua."

"Neno la Amiri hupitia kwangu. Ngoja niingie nimwone."

"Ana homa ya kuambukiza. Atasema mwenyewe, sasa hivi, kila mtu asikie." Nyati akageukia dirisha, akapaza sauti. "Mheshimiwa Amiri Jeshi Mkuu! Jeshi lako liko tayari!"

Ndani, nyuma ya pazia, Sihaba aliuinamia mtungi mkubwa wa maji, akaingiza kichwa chake mdomoni mwa mtungi. Ulikuwa mtupu, nao ulikuza sauti. Akavuta pumzi.

"JENERALI NYATI."

Wanangu! Uwanja mzima ulitetemeka. Ilikuwa sauti ya Bi Ndovu mwenyewe, nzito, ya polepole.

"Nipo, Mheshimiwa!" Nyati akajibu, anatabasamu.

"NIMEKULISHA. NIMEKUPA CHEO. SASA VUA KOFIA YAKO."

Tabasamu likakatika. "Mheshimiwa?"

"VUA KOFIA. NA FIMBO YA UJENERALI MKABIDHI MZEE KORONGO. ASKARI WOTE, PAMOJA NA WALIOKO MWAMBANI KWA PIMBI, RUDINI KAMBINI. HAKUNA VITA."

Brigedia Nyumbu akabana visigino, ta! "Ndiyo, Mheshimiwa! Kikosi cha mwambani kipigiwe tarumbeta!" Tarumbeta ikalia, na juu ya mwamba askari wakaonekana wakiteremka mmoja mmoja.

Nyati akawa anatweta, povu mdomoni. "Hapana! Hiyo siyo... hiyo si..."

"SI NINI, JENERALI? WAAMBIE."

Nyati akatazama jeshi, akatazama dirisha. Akitii, cheo kimekwenda. Asipotii, ni mwasi mbele ya jeshi zima. Na akisema kweli, je?

"Afande," Nyumbu akasema kwa upole, mkono ameunyoosha, "Amiri amekwisha kusema. Lete fimbo."

Hapo hasira ikamshinda Nyati. "Amiri gani! Amiri yuko wapi! Huyo ni Pimbi mwizi wa sauti! Bi Ndovu amekufa tangu jana!"

Askari wote wakageuzia macho dirishani.

Mzee Korongo akamsogelea, hatua zake nyembamba. "Umejuaje, Jenerali?"

Nyati akarudi nyuma hatua moja.

"Umejua tangu jana, na ukatuita leo tuje kupokea neno lake?"

Brigedia Nyumbu akachukua ile fimbo mkononi mwa Nyati, na Nyati hakuishikilia. Wakamwondoa, mkubwa vile, kichwa chini.

Korongo akaingia ndani. Akamkuta Bi Ndovu amelala, macho yamefumbwa na mkono mdogo wa rafiki yake. Sihaba bado kichwa kimo mtungini, hana nguvu ya kukitoa. Korongo akauinua mtungi taratibu.

"Dada Sihaba. Kwisha."

"Naweza kulia sasa?"

"Lia, dada."

Ndipo alipolia. Wanasema kilio kile kilisikika mpaka ng'ambo kwa Ngiri, na Ngiri wakaacha kuchota maji wakasimama.

Walimzika Bi Ndovu mchana uleule, kwa haraka, maana mwili ulikuwa umekwisha kungoja mno. Ndovu wenzake hawakupata kumzunguka kwa desturi yao. Walimgusa mara moja tu, wakaanza kutupia matawi, na dada yake mdogo akawa anasema, "Jana nilipita dirishani. Nilipita, nikaona moshi, nikafurahi." Akarudia maneno hayo mpaka wakamshika mkono.

Sihaba aliyasikia. Uji aliupika yeye.

Kesho yake bunge likakaa. Nyati akavuliwa cheo, akafukuzwa jeshini. Ndiyo maana mpaka leo nyati mzee utamwona anatembea peke yake. Twiga akachaguliwa kushika kiti. Kisha wabunge wakapiga makofi, pa! pa! pa! "Na Pimbi naye! Apewe nishani! Apewe nyumba!"

Mzee Korongo akasimama.

"Waheshimiwa, huyu ametuokolea watoto wetu. Mimi mwenyewe ningempa mbawa zangu. Lakini niulize: jana ni nani aliyeliamuru jeshi letu?"

Akawatazama mmoja mmoja, kisha akajibu mwenyewe.

"Bi Ndovu alikuwa amekufa. Mimi sikuamuru. Jeshi letu lilitii mtungi wa maji. Jana sauti ya mtungi ilikuwa njema. Kesho atakuja mwingine, amejifunza, naye ataazima sauti kwa ubaya. Tukimpa Pimbi nishani, tumewafundisha wote kuwa inafaa."

"Aka! Huna shukrani, Korongo!" wakapiga kelele. "Keti chini!"

Lakini Sihaba akapanda juu ya benchi ili aonekane.

"Mwacheni. Anasema kweli. Mimi hakuna aliyenichagua." Akafuta pua. "Jana sikuwa na njia nyingine, na leo ingekuwa vile, ningefanya vilevile. Lakini isiwe desturi. Andikeni sheria: asiingie tena nyumbani kwa Amiri mnyama yeyote aliyewahi kusema kwa sauti ya Amiri. Muanze na mimi."

Wakaibishia sheria ile mpaka wakachoka. Mwishowe wakaipitisha, na wengi walikuwa wakilia walipokuwa wakinyoosha mikono. Waliandika pia kwamba mkuu wa nchi akiugua, milango ya nyumba yake isilindwe na jeshi peke yake. Awepo na mbunge.

Maji ya Ngiri yakaja kwa mfereji, yakagawanywa. Watoto wa swala na nyumbu wakakua, wakaoa. Wengi wao hata hawakumjua Sihaba.

Asubuhi moja Korongo alipita mwambani, akamkuta ameketi kwenye jiwe, anatazama chini, upande wa nyumba ya mkuu wa nchi.

"Dada Sihaba, unanichukia?"

"Hapana, kaka. Ulisema la haki."

"Basi mbona umekaa hivi?"

Sihaba akaendelea kutazama chini.

"Jua limechomoza," akasema, "na sina wa kumwamkia."

Korongo akakunja miguu yake mirefu, akaketi kando yake, wakakaa kimya wote wawili mpaka jua likawa kali.

Wanangu, kisa changu kimefika ukingoni, na neno lake ni hili: mwenye silaha asijipe amri, na amri ya wote isisemwe na sauti ya kuazima, hata iwe ya rafiki.