Mstari Uliopakwa Wino

Hapo zamani, kabla babu wa babu yangu hajapewa jina, kulikuwa na liwali huko Uchina aliyeitwa Gao. Liwali huyu alipenda mashairi sana, na washairi hakuwapenda hata kidogo. Malenga Ruan alitunga shairi juu ya wanaume waliochukuliwa kwa nguvu kwenda kujenga ukuta mpakani. Liwali akalisifu, kisha akampeleka Ruan akabebe mawe pamoja na hao aliowatungia.

Kila mwaka Mfalme alimruhusu Liwali kurudisha mtu mmoja tu. Mwaka ule Gao akasema, "Atakayeniliza kwa zeze, achague wa kurudi."

Desturi ya huko, mpiga zeze huweka shairi mbele yake, na kila mstari huupa mlio wake. Bi Qiao, ambaye kaka yake alikuwa ukutani, akaja na shairi la Ruan. Akapiga mstari wa kwanza, Liwali akapiga miayo. Wa pili, akanywa chai. Wa tatu, akaomba chai nyingine. Wa mwisho ulikuwa umepakwa wino, hausomeki. Bi Qiao akainua mikono, akakaa kimya kwa muda wa mstari mzima. Liwali akalia mpaka ndevu zikalowa.

Mke wa Ruan akasema, "Mume wangu ndiye aliyetunga. Bila shairi, zeze lingepigiwa nini? Arudi yeye."

Bi Qiao akasema, "Dada, shairi lilikaa sandukuni miaka mitano, halikumliza hata panya. Mimi ndiye niliyejua pa kunyamaza. Arudi kaka yangu."

Karani Pang, mkaguzi wa mashairi, akakohoa. "Kimya kile kimetoka kwenye wino wangu. Mstari nilioufuta ulisema, 'Wote walilia, ila aliyetoa amri.' Ningeuacha, Bwana Liwali angekata watu vichwa, asingelia. Nami nina mwanangu kule kule." Karani simpendi, lakini hapo alisema kweli, na inaniuma.

Liwali akafuta macho. "Mbona mnanisahau? Machozi ni yangu. Na tangu nimpeleke mpishi wangu ukutani, sijanywa supu ya maana."

Barua ya Mfalme ya kumrudisha mtu ilikuwa imeshapigwa muhuri, ina nafasi ya jina moja, na mpakani theluji ilikuwa imeanza kuanguka.

Haya, nyinyi mnaocheka, shikeni kalamu. Je, nani alistahili kurudishiwa mtu wake?