Kwa Nini Joto Hurudi Kwao kwa Shida

Kulikuwa na wakati ambapo mbingu ilikuwa wazi kabisa. Joto, mwana wa Jua, alishuka duniani kila asubuhi na kuondoka kila jioni, na akiondoka hakuacha kitu nyuma yake. Maji yaliganda mitungini, mbegu zilikufa udongoni, na watu walilala wamejibanza katikati ya mbuzi wao.

Mungu akawaonea huruma, akatandaza juu ya dunia utaji mwembamba usioonekana kwa macho. Asubuhi Joto alipokuja amevaa mwanga, utaji ulimpisha bila kumuuliza. Lakini jioni, akiwa amekwisha kuuvua mwanga wake, utaji haukumtambua. Ulimzuia kidogo, ukamrudisha chini kidogo, kisha ukamwachia aende zake. Kuchelewa huko kuliwapa watu usiku wa kulalika na mashamba ya kulimika.

Chini ya mlima mmoja wenye theluji kileleni aliishi mjane aitwaye Nakijwa. Huyo hakuwa mwepesi wa kusadiki. Ukimwambia mvua inanyesha, alitoa mkono nje kwanza. Shemeji yake, Mashombo, ndiye aliyewafundisha watu wa pale kuyeyusha chuma. Majembe yake yalipendwa mno, na muda si mrefu kila boma likawa na tanuru lake. Hata nyuma ya nyumba ya Nakijwa lilikuwapo moja, walilolitumia wanawe. Miti ilikatwa ikawa makaa, makaa yakawa moto, na moshi ukapanda mchana kutwa.

Miaka ikapita, mambo yakaanza kwenda kombo. Chemchemi ya kijiji ikapungua. Theluji ikapanda juu zaidi, kama nguo iliyoanza kumwia fupi mwenyewe. Mvua ikakawia, na ilipokuja ilikuja yote kwa mkupuo, ikachukua udongo na mbegu. Watu wakaanza kutazamana kwa jicho la pembeni. Huyu alisema yule anachepusha maji, yule alisema huyu ana dawa shambani. Mwishowe maneno yote yakamwangukia Nandera, bibi kizee asiye na mtoto wala ndugu, aliyeishi peke yake karibu na chemchemi.

"Yeye ndiye anayeifunga mvua," wakasema. "Na afukuzwe."

Nakijwa naye alikuwa na shaka, tena nyingi, ila shaka yake haikutua kwa Nandera. Alimjua bibi yule. Hata mlango wake mwenyewe ulimshinda kuufunga. Kilichomsumbua ni bakuli la mafuta ya kondoo. Zamani aliliacha juu ya jiwe uani, na kabla ya chakula cha jioni mafuta yalikuwa yamekwisha kuganda. Siku hizi aliyakuta asubuhi yangali maji.

Basi jioni moja, jua lilipokuwa likizama, akapanda kwenye ukingo wa mlima, njia anayopita Joto akirudi kwao. Akamwona anapanda, anagonga juu, anarudi chini, anapanda tena, jasho linamtiririka.

"Wewe, mbona huendi kwenu?" Nakijwa akamuuliza kwa ukali. "Unaiba nini kwetu?"

"Mimi nimeiba? Ninyi ndio mmenifungia!" Joto akajibu. "Utaji umekuwa mzito, mama. Nikipata upenyo, kesho yake umezibwa. Nina kiu, nakunywa chemchemi zenu. Nimechoka, najiegemeza kwenye theluji yenu. Unadhani napenda?"

"Nani anayeuongeza?"

Joto alielekeza kidole bondeni, kwenye matanuru. Nakijwa akatazama, na macho yake yakatua kwenye moshi uliokuwa ukitoka nyuma ya nyumba yake mwenyewe.

Asubuhi aliwakuta watu wamekusanyika kwa Nandera. Bibi alikuwa amekwisha kufungiwa mzigo wake mgongoni. Nakijwa akasimama mbele yake, akawaeleza aliyoyaona na kuyasikia.

Mashombo akacheka. "Shemeji, moshi unakwisha pale pale juu ya migomba. Tazama mwenyewe. Uko wapi?"

"Majivu nayaona yamebaki chini," Nakijwa akasema. "Yaliyopanda siyaoni. Mimi kitu nisichoona kimekwenda wapi, siwezi kusema kimekwisha. Na wewe, Mashombo, mafuta yako yanaganda jioni?"

Mwanamke mmoja kule nyuma akasema kwa sauti ndogo kwamba yake pia hayagandi. Mwingine akaitikia. Wakamfungua Nandera mzigo wake, lakini hakuna aliyethubutu kumtazama usoni.

Nakijwa akaenda nyumbani akachukua maji, akalizima tanuru lake, wanawe wakimtazama kwa uchungu. Kisha akamchukua Nandera akakae naye.

Wengine nao walikubali kuzima. Walikubali wote kwa kauli moja. Ila kila mmoja alirudi kwake akachungulia juu ya ua, aone kama jirani amezima. Mashombo aliona moshi kwa jirani, akasema, "Kumbe ananidanganya, auze majembe peke yake." Akachochea moto. Jirani akauona moshi wa Mashombo, naye akachochea.

Na hadi leo Joto hurudi kwao kwa shida. Huzurura duniani hadi alfajiri, akinywa mito na kulamba theluji ya milima, na mvua haijui tena msimu wake. Watu wanajua sababu, maana waliambiwa. Lakini kila mmoja amesimama uani na mtungi wa maji mkononi, anamchungulia mwenzake, anangoja azime yeye kwanza.