Matunda Matupu

Mwanamke mmoja alikuwa na jokofu, na jokofu lile ndilo lililompa sifa mjini. Aliitwa Yunisi. Alikuwa mjane wa makamo, mwimbaji wa sauti ya pili katika kwaya ya kanisa, mtu wa mikono misafi na maneno machache. Katika mji wao mdogo wenye joto, ambako embe huiva mpaka zikajiangukia na mikungu ya ndizi hupangwa kando ya barabara, watoto walizoea kununuliwa barafu za rangi: maji, sukari, na unga mwekundu wa pakiti. Walizinyonya mpaka ndimi zao zikatisha kutazama. Yunisi hakuzipenda hata kidogo. Alisema tumbo la mtoto si ndoo ya kutilia nguo rangi.

Basi akaanza kutengeneza yake. Alichukua ndizi zilizoiva sana, zile zenye madoadoa ambazo wachuuzi huwatupia mbuzi, akazimenya, akazikata vipande, akazigandisha. Alichukua stafeli, akalipekecha kwa mkono juu ya chujio mpaka kokwa zote zikabaki juu. Alichukua embe, akaziondoa nyuzi. Vyote akavisaga pamoja, akavirudisha kwenye jokofu, na kabla havijawa jiwe akavitoa na kuvipiga tena kwa mwiko ili visifanye chengachenga za barafu. Hakutia sukari. Hakutia rangi. Hakutia maziwa ya kopo. Siku ya kwanza alipowaonjesha wanakwaya wenzake, wakauliza hii ni nini, naye akawajibu, "Matunda matupu."

Na ilikuwa kweli. Lishikeni hilo, maana bila hilo hamtamwelewa mwanamke huyu. Siku ile maneno yale yalikuwa kweli kabisa.

Jina likashika. Hakuna aliyeiita aiskrimu tena. "Yunisi ataleta matunda matupu?" waliulizana watu kila palipokuwa na ubatizo au harusi. Akina mama walimshukuru, wazee walitumwa na wajukuu zao kwenda kuomba bakuli la pili, na mchungaji mwenyewe alimtaja madhabahuni. Sifa zikamnogea. Alianza kufika kwenye shughuli akiwa amechelewa kidogo, ili aonekane akiingia.

Kisha ukaja msimu ambao embe zilijaa maji na hazikuwa na ladha. Aiskrimu yake ikawa ngumu, ya kukwaruza meno. Yunisi akahangaika nayo mpaka akajaribu korosho. Alizilowesha usiku kucha zikalainika, akazisaga mpaka zikawa uji mzito mweupe, akauchanganya na matunda. Jamani, ilikuwa tamu! Iliteleza mdomoni yenyewe, na kila aliyeonja aliapa kwamba mle ndani mna maziwa ya ng'ombe aliyezaa jana. Wala msidhani aliharibu kitu. Korosho ni chakula chema, na mikono iliyozisaga ilikuwa misafi kama siku zote.

Ilimpasa aseme tu. Lakini palikuwa na Skola.

Skola alikuwa jirani yake, ukuta kwa ukuta, na ndiye aliyekuwa akitengeneza zile barafu za rangi. Tangu matunda matupu yaingie mjini, watoto walikuwa wakipita mlangoni kwa Skola bila kugeuza shingo. Skola alikuwa akiulizauliza. Alichungulia hata shimo la taka la mwenzake. Yunisi alilijua hilo, na tuseme ukweli, lilimfurahisha. Kwa hiyo akaifanya korosho kuwa siri. Alizinunua mji wa pili na kuzibeba chini ya ndizi kapuni. Hakuzikaanga kamwe, maana korosho ikikaangwa hujitangaza mtaa mzima. Alizisaga mchana wakati watu wamejilaza, dirisha limefungwa, na blenda hupiga kelele zilezile iwe ina embe au ina mawe.

Alipoulizwa, alijibu yaleyale ya siku zote. Chakula kilikuwa kimebadilika, maneno hayakubadilika. Na kwa kuwa aliwahi kuyasema yakiwa kweli, hayakumkwama kooni. Hata alijitafutia hoja: korosho nayo huzaliwa na mti, kwa hiyo ni tunda. Angalieni jinsi mtu anavyoweza kujidanganya akiwa amesimama mbele ya jokofu lake mwenyewe, peke yake, bila hakimu yeyote.

Ikafika sikukuu ya mavuno. Meza zikapangwa uani kwa kanisa, karibu na zahanati. Kila mwanamke alisimama nyuma ya chakula chake na kuwapakulia waliokuja kwa mstari. Yunisi alikuwa wa mwisho, pamoja na ndoo yake iliyofunikwa kwa gunia lenye maji. Ubavuni mwake, kwa bahati mbaya au kwa makusudi ya mpanga meza, alikuwa Skola na deli lake la barafu nyekundu.

Katika mstari ule alikuwamo mgeni, mwanamke kijana aliyehamia mjini pamoja na mumewe. Aliitwa Haika. Alimshika mkono mwanawe Ombeni, mtoto ambaye bado hajaanza shule, na kwenye kila meza aliuliza swali lilelile. Wanawake walianza kutazamana na kutabasamu. Mgeni gani huyu anayepeleleza vyungu vya watu? Lakini walimjibu, huyu akisema hamna, yule akisema kwangu zimo, mwanangu, mpitishe mbali. Ndipo akafika mwisho wa meza.

"Shikamoo, mama," akasema. "Samahani, humu hamna korosho? Huyu mtoto mwili wake unazikataa kabisa."

Yunisi alilisikia swali vizuri sana. Alimwona mtoto, aliyekuwa amesimama kwa ncha za vidole akitazama ndani ya ndoo. Na pembeni alimwona Skola ameacha kugawa, barafu mkononi, anasubiri jibu. Angeweza kuinama amnong'oneze mama yule: huyu usimpe. Angeweza kusema zimekwisha. Angeweza hata kukasirika. Mambo hayo yote yalimpitia kichwani, na yote alikuwa na nafasi ya kuyafanya. Lakini hakuwahi kuona mtu anayekataliwa na korosho. Aliona ni madeko ya mama wa mtoto mmoja. Na Skola alikuwa anasikiliza.

"Marahaba, mwanangu," akajibu. "Ni matunda matupu."

Akampakulia mtoto kwa mkono wake mwenyewe, akamjazia, akamwongeza kidogo juu kwa kuwa alikuwa mzuri.

Ombeni hakumaliza bakuli. Alianza kujikuna mdomo, kisha shingo. Midomo yake ikavimba, macho yakavimba, na pumzi ikaanza kupiga filimbi kifuani. Bakuli likaanguka. Haika alipiga yowe ambalo liliwainua watu wote vitini, wengine wakidhani ni nyoka, wengine nyuki. Muuguzi wa zahanati, Bwana Lukindo, alikuwapo karamuni. Alikuja mbio akiwa bado na mchuzi vidoleni, akautazama uso wa mtoto, na papo hapo akauliza swali lililopaswa kuulizwa.

"Kala korosho huyu? Au karanga?"

"Hapana!" Haika akalia. "Karanga hazimdhuru, na korosho nimeuliza kila meza. Hii nimemuuliza mama, kasema ni matunda matupu!"

Mungu wangu! Mama wa mtoto ndiye aliyesimama kuwa shahidi wa Yunisi.

Bwana Lukindo akaamini. Kwa nini asiamini? Mji mzima uliita chakula kile kwa jina hilo. Akasema basi ni kokwa, kokwa ya stafeli imemkaba. Akamlaza mtoto kifudifudi juu ya goti lake na kuanza kumpiga mgongoni kwa kiganja, akimwinua, akimtia kidole kooni, akimlaza tena na kumpiga. Aliifanya kazi yake kwa bidii na kwa upendo, na kila kofi lilikuwa bure.

Katika ua ule, Yunisi peke yake ndiye aliyejua kwamba hakuna kokwa. Alikuwa amelipekecha stafeli lile kwa vidole vyake. Alisimama na upawa mkononi. Alilisikia kofi likitua, na hakusema. Akalisikia jingine, na hakusema. Nashindwa kulieleza jambo hili bila kutetemeka: mwanamke mwema, mwenye mikono misafi, aliyeanza kazi yake kwa kuwahurumia watoto, alisimama akimtazama mtoto akikata pumzi, huku moyoni akipima kama anaweza kusema bila Skola kusikia.

Kisha Ombeni akaacha kupiga filimbi. Hilo ndilo lililomfungua kinywa. Alisema kwa sauti ndogo mno, hakuna aliyemsikia, ikambidi aseme tena, na safari hii alipiga kelele kama mtu aliyeungua.

"Nimetia korosho! Mna korosho humu!"

Bwana Lukindo hakupoteza muda wa kumtazama. Alimnyakua mtoto akakimbia naye kuelekea zahanati, mama akiwa nyuma yake, kanga imemdondoka njiani na hakuna aliyeiokota. Mlango ukafungwa. Aiskrimu ikaanza kuyeyuka mezani na nzi wakaifuata.

Yunisi alimgeukia Skola. Hakujua kwa nini, labda alitaka kuona ushindi usoni mwake na kuadhibiwa nao. Lakini Skola alikuwa analia.

"Nilijua," Skola akasema. "Nilijua siku nyingi kwamba unatia korosho. Kuna siku niliikuta chembe kwenye jino. Nimejaribu kuitengeneza aiskrimu yako nyumbani, mpaka nikaipatia."

"Na umesikia yule mama akiniuliza?"

"Nimesikia. Uliposema ni matunda matupu, nikadhani leo hukutia. Na ningesema mimi, wangesema ni wivu wa Skola."

Mwanamke wa meza ya tatu, aliyekuwa amepakua wali, akainamisha kichwa. Naye alijua. Mwenzake wa maharage alijua pia, aliambiwa na dada yake. Mke wa mzee wa kanisa alijua. Nusu ya wanakwaya walijua. Walikuwa wakilicheka jambo hilo mazoezini, kwamba Yunisi anajiona ana siri. Kwa heshima hawakumwambia, maana nani atamwumbua mtu mzima mbele ya chakula chake? Na leo walilisikia swali, wakalisikia jibu, na kila mmoja akanyamaza, akidhani yupo mwingine aliyestahili zaidi kusema.

Yunisi aliketi chini, pale pale mavumbini, kwa nguo yake ya sikukuu. Siri aliyoifungia dirisha na kuibeba chini ya ndizi haikuwa siri kwa wanawake wenzake. Katika wanawake wa uani, ilikuwa siri kwa mgeni mmoja tu, na mgeni huyo ndiye pekee aliyeihitaji.

Hakuna aliyefunika vyungu. Hatimaye mlango wa zahanati ukafunguka na Haika akatoka, mtoto begani. Ombeni alikuwa amedungwa sindano. Uso wake ulikuwa bado umevimba, na mgongoni, pale shati lilipopanda, alama za kiganja cha Bwana Lukindo zilionekana waziwazi. Lakini mbavu zake ndogo zilipanda na kushuka. Wanawake waliinuka wote wakamshukuru Mungu kwa sauti, wengine wakalia, na mmoja akaanza kupiga kigelegele lakini akakikatisha alipomwona mama yule usoni.

Maana Haika hakuwa anashukuru, wala hakuwa amekasirika. Alikuwa kama mtu anayejaribu kuelewa lugha asiyoijua. Alipita katikati yao mpaka akafika mahali alipoketi Yunisi, akasimama mbele yake. Hakumtukana. Bado alimpa heshima ya umri wake.

"Mama," akasema, "si nilikuuliza?"

Yunisi alifumbua kinywa, na maneno pekee yaliyokuja yalikuwa yale yale mawili aliyoyazoea. Akayameza. Na wale wanawake wengine, ambao Haika hakuwataja wala hakuwatazama, wakainamisha vichwa mmoja baada ya mwingine, kuanzia meza ya mwisho mpaka ya kwanza, kana kwamba kila mmoja ameitwa kwa jina lake.

Sasa niambieni ninyi mliosikiliza, kabla hamjainuka kurudi kwenye meza zenu: mtoto yule alilishwa na nani?