Mchenza wa Chumba cha Cherehani

Waliosema mtaka cha mvunguni sharti ainame hawakuwa wakitufundisha kufagia chini ya kitanda. Walimaanisha kwamba anayetamani kitu kilicho mahali pa chini hana budi kuishusha shingo yake, hata kama shingo hiyo haijazoea. Na shingo ngumu kuliko zote katika mji ule wa mlimani ilikuwa ya mshonaji mmoja ambaye wateja walimwita Bibi Rula. Alitembea amenyooka, akakaa amenyooka, na tangu aanze kushona hakuna aliyewahi kumsikia akisema amekosea. Gauni likibana, mteja ndiye aliyenenepa.

Hata hivyo, alikuwa na moyo laini kwa mtu mmoja, naye ni baba mkwe wake. Tangu alipoolewa, mzee huyo alimpenda kama mtoto wa kumzaa. Mkewe mzee alipofariki, mwanawe wa kiume, aliyekuwa fundi vioo na mume wa Bibi Rula, alimtoa bondeni kwenye joto akamleta mlimani. Mzee akawa anashinda katika chumba cha cherehani, blanketi magotini, macho dirishani.

"Kule nilikuwa nafungua mlango, nachuma chungwa langu, nalila nimesimama," alikuwa akisema. "Hapa nikifungua mlango naokota mafua."

Siku moja akatangaza kwamba mwaka ukiisha angehamia kwa binti yake, aliyekuwa na kitalu cha miche ya matunda huko bondeni. Bibi Rula alihisi kama amejichoma sindano.

"Usiende, Baba," alisema. "Utachuma tunda kwa mkono wako, hapa hapa nyumbani."

Habari hizo hazikuchelewa kumfikia wifi yake. "Wifi yangu," alisema kwenye simu, akicheka mpaka akakohoa, "hayo machungwa utayashonea masweta?" Bibi Rula akakata simu, akaapa kwamba hatamwomba wifi huyo hata jani.

"Dada yangu kazi yake ni miche," mumewe alimkumbusha. "Si umuulize tu?"

"Nimuulize ili anicheke tena? Mti ni mti."

Akaenda sokoni, akanunua mchungwa mrefu kuliko yote iliyoshushwa kwenye lori, umesheheni matunda. Akaupanda uani na kuwaonyesha majirani. Baridi ilipoingia, umande ukaganda mweupe juu ya majani. Mti ukanyauka, matunda yakaanza kudondoka moja moja. Mtu mwingine angekubali yaishe. Bibi Rula alichukua uzi wa kijani, akayashona matunda kwenye vijiti vyake, akayakaza mafundo, kisha akamwita mkwewe aje achume.

Mzee alivuta chungwa, likagoma. Akavuta tena, tawi zima likamfuata. Akalisogeza karibu na miwani, akauona uzi.

"Mwanangu," alisema kwa upole, "mchungwa huu umeshonwa vizuri sana."

Akamshukuru, akarudi ndani. Kesho yake Bibi Rula alimkuta akikunja mashati na kuyapanga sandukuni. Aibu ilikuwa imemlaza macho usiku kucha, lakini sasa huzuni iliishinda aibu. Akatoka nje, akampigia wifi yake.

"Wifi, nimekosea." Neno hilo lilimtoka kwa shida, kama mfupa wa samaki kooni. "Mti umekufa. Baba anaondoka. Naomba unifundishe."

Wifi alikuwa na haki ya kucheka, lakini hakucheka. Alisema, "Njoo. Mti hauchaguliwi kwa simu. Na usivae nguo nzuri."

Mzee alikubali kusubiri. Bibi Rula akasafiri hadi bondeni, na alipofika kitaluni macho yake yakakimbilia tena miche mirefu yenye matunda. Wifi akamvuta mkono.

"Unatazama juu, wifi. Mti unasomwa chini. Piga magoti."

Bibi Rula akapiga magoti kwenye tope. Akaonyeshwa kovu kwenye shina, pale mche ulipobebeshwa, yaani ulipounganishwa, juu ya shina lingine, akaambiwa kovu lile lisifukiwe kamwe na udongo. Akafundishwa kuutoa mche kwenye mfuko na kukagua mizizi, maana iliyojisokota huunyonga mti wenyewe.

"Na sahau machungwa," wifi aliongeza. "Hayataiweza baridi yenu. Chukua mchenza huu mfupi, uukalishe kwenye pipa, na baridi ikija uingie ndani pamoja nanyi."

Bibi Rula alikuwa ameahidi chungwa, na mchenza wenyewe ulimfika magotini. Ulimi ulimwasha. Akaumeza ubishi wake, akasema, "Haya, wifi."

Nyumbani, mumewe alitia kioo kikubwa upande wa jua katika chumba cha cherehani, kisha akafunga magurudumu chini ya pipa. Kazi ya kuusukuma mti kulifuata jua akapewa mzee. "Nimekuwa mchungaji uzeeni," alisema, "na ng'ombe wangu ni mmoja, tena hana miguu." Lakini blanketi alilisahau kitini.

Mchenza ukachanua. Harufu ilijaa chumbani hata wateja wakawa wanaomba kupimwa mara ya pili. Vikafuata vitunda vya kijani, vidogo kama vifungo vya shati. Bibi Rula akampigia wifi, sauti ikicheza kwa furaha.

"Vikate vyote," wifi alisema. "Mti bado mchanga. Ukizaa sasa, baridi ijayo itauua."

Bibi Rula aliketi mbele ya mti, mkasi mkononi. Mwaka ulikuwa unaisha, na vitunda vile ndivyo vilivyomzuia mzee. Bila matunda, nani angefaidika? Wifi huyo huyo, aliyemtaka baba yake bondeni. Huenda ulikuwa mtego. Lakini pia aliijua elimu yake mwenyewe ya miti, na ilikuwa imeishia kwenye uzi wa kijani. Akapiga magoti, akavikata kimoja kimoja huku machozi yakimdondoka. Kisha akamgeukia mkwewe.

"Baba, mwaka huu hakuna matunda. Nimeyakata mwenyewe kwa sababu wifi ameniambia, naye anajua kuliko mimi. Ukiondoka sitakulaumu."

Mzee alivua miwani, akaifuta. "Nimekujua miaka mingi," alisema, "na leo ndiyo kwanza nasikia kuna mtu anayejua kuliko wewe. Ngoja nikae mwaka mwingine, huenda nikasikia makubwa zaidi."

Baridi iliyofuata ilikuja na ukali ambao mji haukuwahi kuuona. Bustani za majirani ziliungua, lakini mchenza ulisimama. Msimu wake ulipofika, ukazaa mpaka matawi yakaelemewa. Wifi akapanda mlima kuja kumchukua baba yake, maana ule mwaka aliouongeza ulikuwa umeisha. Kabla hata ya kunywa maji alipiga magoti kando ya pipa, akakagua kovu, akageuza majani kutafuta wadudu. Hakupata hata mmoja.

"Wifi," alisema mbele ya wateja wote, "hata kitaluni kwangu hakuna mti uliotunzwa hivi."

Bibi Rula alipiga kigelegele kilichosikika mtaa wa pili, wateja wakakidaka.

Mzee hakungoja vigelegele viishe. Chenza zuri kuliko yote lilikuwa kwenye tawi la chini kabisa. Akashika kiuno, akainama, akalichuma kwa mkono wake, akalimenya na kulila amesimama, maji yakimchuruzika kidevuni.

"Baba, tufunge mizigo?" binti yake akamuuliza.

"Wasalimie watu wa bondeni, mwanangu," mzee alijibu, akichuma la pili. "Mimi hapa nina mti wa kusukuma."

Wifi alicheka, akamkumbatia Bibi Rula, na chumba kizima kikashangilia. Tangu siku hiyo Bibi Rula aliendelea kutembea amenyooka kama zamani, ila gauni likibana alichukua futi na kumpima mteja upya. Aliyemsifu kwa matunda yale alimweleza waziwazi alivyoyapata, magoti yakiwa topeni na wifi akiwa mwalimu wake, maana mtaka cha mvunguni sharti ainame.