Muhogo Uliotafunwa na Chiku

Sogeeni karibu, na anayesinzia afinywe. Zamani hizo machozi yaliogopwa kama ndui. Watu walisema yanaambukiza. Ukijisikia kulia ulijipeleka mwenyewe kwenye kibanda cha machozi, nje ya kijiji, ukalia hadi ukakauka, kisha ukarudi na hakuna aliyekuuliza kitu. Si kwamba walikuwa na roho mbaya. Walikuwa waoga tu.

Siku moja Siwema mfinyanzi alifukua majivu ya moto aliochomea vyungu akakuta vyungu vyote kumi na viwili vya harusi ya mdogo wake vimepasuka. Kazi ya mwezi mzima! Akaenda kibandani akalia kwa kwikwi, na kilichomuuma kuliko vyungu ni kusikia majirani wakipita mbali kwa kunyata. Akaapa kwamba akitoka humo atafunga virago ahame kabisa.

Sasa, jirani yake Mwanahawa, ambaye nyumba yake ndiyo iliyokuwa karibu zaidi na kibanda, alikuwa na binti, Chiku, wa kutambaa, meno mawili tu. Chiku aliposikia kwikwi zile, naye akaangua kilio. Mama yake akampapasa: hajalowa. Akampa ziwa: hataki. Alipogeuka kuchochea moto, mtoto hayupo.

Kule kibandani Siwema alihisi kitu chenye mate kikimgonga mdomoni. Kumbe ni kipande cha muhogo, kimetafunwa upande mmoja, na anayekisukuma ni Chiku, kamasi zikimtiririka. Siwema akakila. Kisha akacheka, machozi yangali mashavuni.

"We Chiku, toka humo, utaambukizwa!" Mwanahawa alipiga kelele mlangoni. Lakini mtoto ni wake, angefanyaje? Akaingia. Alipouona uso wa Siwema alitaka kumwambia alie polepole, ila neno likakatika katikati. "Pole..." akasema, naye akalia.

Bibi yake Chiku akaja kumtoa Mwanahawa, shangazi yake akaja kumtoa bibi, na kufikia adhuhuri kibandani hapakuwa na pa kutia mguu. Kweli yaliambukiza! Walipomaliza kulia wakaenda wote kuchimba udongo, na harusi ikapata vyungu, vingine vimepinda kwa sababu bibi hakujua kufinyanga. Siwema hakuhama tena.

Na tangu siku hiyo mtoto mchanga akisikia mwenzake analia, naye hulia, hata kama ameshiba na hajalowa. Na sisi wakubwa tukimkuta mtu na shida yake humpa ile nusu ya neno la Mwanahawa, ingawa si sisi tuliompasulia vyungu. Kwa hiyo mtoto akikuletea muhogo wenye mate, usikunje uso. Ule.