Pimbi, Ngiri na Mboga ya Chungu

Jamani, niwape?
— Tupe!
Kavu au ya kutia chumvi?
— Tia chumvi, maji tutakunywa!
Haya, kaeni vizuri. Na wewe unayekoroma huko nyuma, koroma polepole.

Hapo kale alikuwako Pimbi, mama wa pacha, mdogo wa mwili, mwingi wa akili. Alikaa pangoni, juu jabalini. Juu mwamba, chini mwamba, udongo wa kufukia hata mbegu moja hakuna. Jua nalo lilikuja asubuhi, likasalimia, na ikifika saa nne limeshaondoka, kivuli mpaka jioni. Kiangazi kikaingia, bondeni nyasi zikakauka, pacha wakaanza kulia njaa.

Pimbi akaokota vyungu vibovu saba, akavipanga mbele ya pango lake. Sasa udongo autoe wapi? Ndipo akaja Ngiri, bwana mwenye meno ya kuchimbia, mkia wima.

"Dada Pimbi," akasema, "wewe una vyungu na akili, mimi nina nguvu. Nitaleta udongo, nitaleta maji, tule pamoja."

Pimbi akakubali. Ngiri akachimba, gubu gubu gubu! Akabeba udongo mweusi wa kando ya chemchemi, akaupandisha jabalini. Akateka maji na kibuyu shingoni, chubwi chubwi chubwi! Kila siku, bila kukosa.

Pimbi akapanda nyanya. Jua likaja, likasalimia, likaondoka. Nyanya zikarefuka, zikarefuka, tunda hakuna.

Akapanda mahindi. Jua likaja, likasalimia, likaondoka. Mahindi yakarefuka, yakarefuka, gunzi hakuna.

Pimbi akakaa chini, akawaza. "Tunda linataka jua la kutwa. Mimi nimepewa la asubuhi tu. Basi nitakula majani." Akapanda matembele. Akapanda mchicha. Giligilani akaipanda pembeni kabisa, penye kivuli zaidi. Jua likaja, likasalimia, likaondoka, na majani yakajaa mpaka yakamwagika nje ya vyungu! Pacha wakashiba. Wakamwita Ngiri mjomba, wakawa wanamparamia mgongoni, naye anatembea nao jabalini kutwa.

Tatizo lilikuwa tumbo. Jamani, yule bwana alikula! Alikula fungu lake, kacha kacha kacha. Akala fungu la Pimbi, kacha kacha kacha. Siku moja akala na la pacha, akalamba na sahani, na watoto wakalala na njaa. Roho ilimuuma Pimbi, lakini kwa Ngiri hakusema neno. Alikwenda kumsema kwa Kanga, yule ndege wa madoadoa, ambaye ukimwambia jambo asubuhi, adhuhuri linajulikana nchi nzima.

Kesho yake Ngiri akaja, akajaza matembele mdomoni, akaanza kutangaza. Alitaka kusema kwamba mboga ya chungu, yaani ile iliyoota kwenye chungu, yote ni yake, kwa kuwa udongo kaleta yeye na maji kaleta yeye. Lakini mdomo umejaa! Ile "ya" akaimeza pamoja na matembele. Ikatoka hivi:

"Kuanzia leo, mboga chungu yote yangu!"

Masikio ya Pimbi yakasimama. "Mboga chungu yote yako?"

"Yote!"

"Sisi tusiguse hata jani?"

"Msiguse!"

Pimbi akamgeukia Kanga, aliyekuwa ametua juu ya mwamba. "Kanga, umesikia?"

"Kwe-kwe-kwe! Nimesikia!"

Basi Pimbi akang'oa giligilani, akapanda mnavu ule mkali na mshubiri, mimea isiyojali kivuli. Ikakua. Siku ya kuvuna akawaalika wanyama wote, akamwekea Ngiri sinia, mnavu mbichi umechanganywa na shubiri. Ngiri akabugia bila kutazama.

"Uwiii! Chungu!"

"Ndiyo, kaka," akasema Pimbi. "Mboga chungu yote yako. Tamu ni yetu. Si ulisema mwenyewe?"

"Kwe-kwe-kwe! Alisema! Alisema!" Kanga alicheka mpaka akaanguka chali. Wanyama wote wakaangua kicheko. Pacha nao wakacheka, kwa sababu mama yao anacheka.

Pimbi alingoja matusi, na majibu alikuwa ameshayaandaa. Lakini Ngiri alitema tu, akafuta mdomo, akakivua kibuyu shingoni, akakiweka chini taratibu. Akaondoka, mkia umelala. Pimbi akauona ule mkia, akaacha kucheka.

Wiki moja walikula vizuri. Lakini chungu si shamba, jamani, kinataka maji kila siku. Pimbi akajaribu kukiburuta kibuyu, kikamshinda. Akachota kwa kifuu cha nazi. Akifika juu, limebaki tone. Matembele yakanyauka. Mchicha ukawa manjano. Pacha wakawa wanakaa ukingoni mwa jabali, wanauliza, "Mama, mjomba anakuja lini?"

Siku ya tatu ya kuulizwa, Pimbi akachukua kikapu, akateremka. Akamkuta Ngiri ng'ambo ya chemchemi, peke yake, anachimbua mizizi.

"Hodi."

"Karibu, mama."

Mama! Zamani alimwita dada. Pimbi akaweka kikapu chini. "Kaka, nimekuja kuomba radhi. Nilikukosea mbele za watu."

"Nimeshasamehe."

"Basi turudi nyumbani. Watoto wanakuulizia."

Ngiri akaacha kuchimba.

"Ungeniambia tu," akasema. "Ungesema, Ngiri, unatumalizia chakula. Mimi kushiba sijui, lakini kuambiwa nasikia. Ulimwambia Kanga. Mimi mbona hukuniambia?"

Pimbi akakumbuka kwamba kweli alikuwa amesema kwa Kanga, amesema kwa vyungu, amesema peke yake pangoni, na Ngiri siku zote yuko mbele yake.

Ngiri akamjazia kikapu udongo mweusi, akaushindilia vizuri. "Huu una rutuba. Panda mchicha, utashika. Mimi kurudi, hapana. Wasalimie watoto."

Pimbi akapanda jabali na kikapu chake. Akapumzika mara tano. Alipofika juu, pacha wakaja mbio, wakampita, wakachungulia njiani kuona nani anakuja nyuma yake.

Mnataka funzo? Haya, shikeni. Jirani akila sana, usimwambie kitu. Mcheke hadharani aende zake, na udongo utapanda jabali wenyewe.

Nafunika kawa langu.
— Funika!
Aliyeshiba anawe. Asiyeshiba aseme sasa hivi, nikiwa bado nimekaa mbele yake.