Chui Alivyochagua Darubini ya Bunduki

Enyi mliokaa na mliochuchumaa, mpo?

(Tupo, na masikio tumekuja nayo!)

Niwadanganye?

(Tudanganye, ila taratibu!)

Basi palikuwa.

(Pakawaje?)

Pakawa na Chui. Chui wa zamani hizo hakuwa na doa hata moja. Mwili mzima rangi moja, kama chapati ambayo haijaiva. Nguvu anazo, meno anayo, lakini tumbo ndilo alilokuwa nalo kuliko vyote. Akila swala, anauliza wa pili yuko wapi. Akila wa pili, analia kwa kumkosa wa tatu.

Siku moja Chui akaokota bunduki. Wawindaji walikuwa wamefukuzwa na nyuki, wakakimbia huku wanavua mashati, vitu vyao vyote wakaviacha porini. Chui akachukua bunduki na mkanda mzima wa risasi. Akasema, "Mimi na kukimbia sasa basi! Nyama nitaiua nimelala."

Akalala. Akalenga swala. PAA! Akaua kichuguu. Akalenga nyumbu. PAA! Akaua kichuguu cha jirani. Mchwa wakahama ukoo mzima, na malkia wao wamembeba.

Chui akawaza. "Tatizo si mimi. Tatizo ni kwamba macho hayafiki. Wawindaji wale bunduki zao zilikuwa na darubini juu. Darubini ziko wapi?"

Darubini alikuwa nazo Pimbi. Mnamjua Pimbi? Yule mnyama wa kwenye mawe, mwili kama sungura aliyepokonywa masikio, sauti kama mlango uliokosa mafuta. Yeye alifika penye mabegi ya wawindaji mapema, akabeba kila chenye kioo, akafungua duka ndani ya ufa wa jabali. Ufa mwembamba! Pimbi anapita, Chui hapitishi hata kiganja. Kwa wateja wa aina ile, duka huwezi kulijenga vizuri zaidi ya hapo.

Ti! Ti! Ti! Chui huyo.

"Hodi dukani!"

"Karibu mjomba, lakini karibia hukohuko nje."

"Mpwa wangu, nataka darubini ya bunduki."

"Ya kufanyia nini, mjomba? Darubini huchaguliwa kwa kazi. Ya kuwindia vichakani ni nyingine, ya kulengea shabaha ya mbali ni nyingine."

Chui akalamba midomo. "Unaliona lile jabali lenu, mnapoota jua asubuhi? Mimi nitalala kilima cha pili, ng'ambo ya bonde. Nitawadungua mmoja mmoja, kama mtu anayechuma zambarau."

Weee! Hapo Pimbi akakamatwa pabaya. Maana pimbi, jamani, haishi bila jua la asubuhi. Asipoota jua damu haimchemki, siku nzima anatetemeka, siku ya tatu wanamzika. Watoto, wake, mabibi, wote lazima watoke wajianike juu ya jabali. Na wote wangeonekana.

"Na nisipokuuzia, mjomba?"

"Nitalala hapahapa mlangoni. Maji yenu yako nje, sivyo? Kiu ikiwatoa, nawala bila kupoteza risasi."

Pimbi akafikiri. Akajikuna tumbo, akafikiri tena. Mwishowe akajua la kufanya. Ataitumia silaha kali kuliko zote. Atasema ukweli.

Hapo nilitaka mshangae. Shangaeni!

(Haa!)

Asanteni. Pimbi akasukuma nje darubini ndogo, kama gunzi la mahindi.

"Hii inakuza mara nne. Nyepesi. Unaona kichaka kizima. Mnyama akitokea kulia unaye, akitokea kushoto unaye. Kwa mwindaji wa vichakani inatosha."

Inatosha! Neno hilo Chui kwao hawakumfundisha.

"Kubwa zaidi ipo?"

"Ipo mjomba, ila sikushauri."

"Lete!"

Pimbi akasukuma ya pili, ndefu kama mwiko wa ugali.

"Hii mnyama akiwa karibu unaishusha hadi mara tatu, akiwa mbali unaipandisha hadi mara tisa. Kutoka kilima hadi kilima, ndiyo yenyewe. Ningekuwa chui, ningechukua hii nikanyamaza."

"Kubwa zaidi ipo?"

"Ipo mjomba, ila sikushauri hata kidogo."

"Lete!"

Pimbi akageuka, akaisukuma ya tatu kwa makalio, maana mikono haikuiweza. Ndude! Ndefu kama mchi, kioo cha mbele kama sahani ya pilau.

"Ukiizungusha hadi mwisho inafika mara ishirini na tano," akasema akihema. "Hii ni ya walenga shabaha. Bunduki zao nzito, wanalala kwenye mkeka, hawana haraka, wameshakula. Ukikuza sana, mjomba, kipande unachokiona kinakuwa kidogo. Unatafuta swala, unapata tundu la pua la swala. Na moyo ukidunda, picha nayo inadunda. Wewe na njaa yako, moyo wako ni ngoma ya harusi. Usiichukue."

"Ahaa! Nimekushika! Unataka mimi niondoke na gunzi, wewe ubaki na mchi!"

"Mjomba, nakuambia kwa wema..."

"Nipe mchi!"

"Haya, chukua. Lakini shika mawili. Jicho likae mbali na kioo, vidole vinne, maana bunduki hurudi nyuma kwa kishindo. Na kabla ya kuwinda, lenga karatasi kwanza, uwe unarekebisha mpaka risasi iende pale msalaba wa darubini unapoonyesha."

"Karatasi inaliwa?"

"Hailiwi."

"Basi haipigwi!"

Ti! Ti! Ti! Chui huyo, darubini begani, shingo imepinda kwa uzito.

Mke wa Pimbi akatoka nyuma ya sanduku. "Baba watoto! Umempa muuaji wetu macho!"

"Sikumpa, mke wangu. Nilimkataza. Chui ukimkataza ndiyo umemtuma."

"Na kesho akikutii?"

"Kesho akinitii, tumekwisha."

Asubuhi jua likatoka. Na pimbi wakatoka. Wangefanyaje? Wakajipanga juu ya jabali kama maandazi kwenye sinia. Ng'ambo ya bonde Chui kalala, bunduki mbele, darubini kaifunga juu yake, jicho kalibandika kwenye kioo. Vidole vinne? Hata unywele usingepita!

Akaangalia. Buluu tupu. "Mbona dunia imekuwa buluu?" Mbingu hiyo, bwana! Akashusha. Kijani tupu. Jani hilo! Akahamisha. Manyoya! "Nyama hii hapa!" Moyo, ndu-ndu-ndu-ndu! Manyoya yakapanda, manyoya yakashuka. Akafyatua.

PAA! KO!

PAA ni bunduki. KO ni darubini kwenye jicho. Risasi ikaenda zake mawinguni, Chui akabaki na duara jeusi kuzunguka jicho la kulia.

Pimbi hata mmoja hakuguswa. Wakageuka, wakaanika upande wa pili.

Chui akasema, "Jicho hili bovu." Akahamia la kushoto. PAA! KO! Sasa kavaa miwani. Akasema, "Basi nitaishika pembeni." PAA! KO! Duara shavuni. Akaikumbatia kifuani. PAA! KO! Akailalia kwa tumbo. PAA! KO! Akageuka akaiegemea kwa mgongo, akilenga kwa kuinamisha kichwa katikati ya miguu. Msijaribu! PAA! KO! Na KO hiyo siwaambii ilipotua, kuna wakwe hapa.

Akaendelea hivyohivyo mpaka mkandani ikabaki risasi moja.

Sasa sikilizeni, maana hapa mimi mwenyewe huwa naogopa. Chui alichoka. Na Chui aliyechoka anaanza kuwa na akili. Akakumbuka karatasi. Akawaza zilikokwenda risasi zake, akaona zote zimekwenda juu, akarekebisha kama alivyoambiwa. Akakumbuka vidole vinne. Akapima: kimoja, viwili, vitatu, vinne. Akapunguza ukuzaji mpaka jabali zima likaonekana. Akashusha pumzi polepole. Msalaba wa darubini ukatulia. Ukatulia juu ya nani?

(Nani?)

Bibi yake Pimbi! Mzee wa watu, anaota jua, kafumba macho, hana habari.

Pimbi aliona ule mtutu umeacha kutikisika. Angepiga kelele "Kimbieni!", bibi asingesikia, masikio yake yalikuwa yamestaafu. Basi akaruka mbele, akajaza kifua, akapiga ukelele wa kipimbi uliovuka bonde zima:

"Hapohapooo, mjomba! Sasa umeweza! Usisogee!"

Chui akafungua jicho la pili. "Nini?"

"Jicho usilisogeze! Na ukuzaji usiuongeze, unatosha!"

"Nani kakuambia unatosha?"

"Unatosha, mjomba! Nakuomba! Ukiongeza utamwona bibi mnono mnooo, mpaka mafuta ya shingoni, na mimi sitaki umwone!"

"Hutaki?" Chui akacheka. "Utake usitake!" Akazungusha, kra-kra-kra, mpaka mwisho. Bibi akapotea. Akasogeza jicho amtafute. Akasogeza tena. Aah, kitu chenye mikunjo! Shingo! Kumbe ni kigaga cha jiwe, lakini mate yalishamtoka. Akafyatua.

PAA! KOOO!

Kigaga kikang'oka. Bibi akafumbua macho, akasema, "Mnakohoa sana nyie watoto, tafuteni dawa," akalala tena.

Chui akaitupa bunduki bondeni, ng'ala-ng'ala-ng'ala mpaka chini, darubini yake ikiwa bado juu. Akateremka mtoni kuosha majeraha. Akajitazama majini. Maduara! Shavuni duara, tumboni duara, mgongoni duara, mapajani maduara yamepandana. Akataka kulia. Mara Pundamilia akaja kunywa maji, akasimama mbali kwa adabu.

"Shikamoo Bwana Chui. Samahani, hilo vazi umeshonesha wapi?"

Chui akakausha machozi haraka. Akanyoosha shingo. "Hili? Halipatikani huku. Nililiagiza."

Na mpaka leo anatembea nalo kwa maringo. Pimbi nao mpaka leo wanaota jua, na mmoja wao amekaa kileleni akilinda, kwa sababu nyama Chui bado anaipenda. Ila sasa inabidi aifuate kwa miguu.

Mnataka fundisho?

(Tunataka!)

Fundisho ni hili. Ukienda kununua darubini ya bunduki, usiulize kazi yake, uliza urefu wake. Bandika jicho mpaka kope ziguse kioo. Karatasi waachie makarani. Na muuzaji akikuambia ndogo inatosha, mkimbie, huyo ni mwongo mkubwa kuliko mimi.

Nimeivua hadithi yangu, naitundika.

(Itundike, tumeshapata joto lake!)

Anayesikia baridi na avae ya kwake.